Tamati Mbili za Kisa Kimoja: Kwa Nini Baadhi ya Filamu Huwa na Miisho Mbadala

Kwa muda wa takriban nusu karne, watazamaji wengi wa filamu ya Kihindi Sholay, wawe wa Mumbai au wa Mombasa, waliijua tamati moja tu. Thakur Baldev Singh, afisa wa zamani wa polisi ambaye mikono yake miwili ilikatwa na jambazi Gabbar Singh, anampata adui yake hatimaye. Anamwangusha kwa mateke, anamkanyaga, na pindi anapoinua mguu ili ammalize, polisi wanatokea. Anakumbushwa kwamba kuadhibu ni kazi ya sheria, na Gabbar anakamatwa akiwa hai. Mnamo Juni 2025, filamu hiyo ilipokuwa ikitimiza miaka 50, nakala iliyokarabatiwa ilionyeshwa mjini Bologna, Italia, na katika nakala hiyo polisi hawaji kumzuia. Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vilivyopigiliwa misumari, kisha anaangua kilio. Hiyo ndiyo tamati ambayo mwelekezi Ramesh Sippy alikuwa ameipiga picha hapo awali, na ndiyo waliyoikusudia waandishi wa mswada, Salim Khan na Javed Akhtar.

Je, Thakur alimuua Gabbar au hakumuua? Katika maisha ya kawaida swali kama hili lina jibu moja. Katika filamu, matukio yote mawili yaliigizwa, yakapigwa picha, na moja likafungiwa kabatini. Makala hii inadhamiria kueleza mazingira yanayozaa tamati mbadala, na kuonyesha kwamba kiini chake ni nadra kupatikana ndani ya kisa chenyewe. Aghalabu tamati mbadala ni matokeo ya mvutano baina ya watu mbalimbali wanaodai kuimiliki hadithi. Mvutano huo huacha mshono katika matini, na mhakiki makini anaweza kuupapasa mshono huo hata kama hajawahi kuambiwa kwamba kitu kilikatwa.

Tamati mbadala ni kitu gani?

Inafaa dhana hii itenganishwe na nyingine zilizo jirani nayo. Tamati mbadala si mwisho wazi, ambapo mtunzi huiacha hatima ya wahusika ikining'inia kwa makusudi ili msomaji au mtazamaji aikamilishe mwenyewe. Mwisho wazi ni mmoja, ingawa fasiri zake ni nyingi. Tamati mbadala nayo ni kifungu kamili cha matukio kinachopingana na kifungu kingine kamili, vyote viwili vikiwa vimeunganishwa na mwanzo uleule na kati ileile. Anayekufa katika kimoja huishi katika kingine. Kwa hiyo tamati mbadala humlazimu mhakiki aulize swali ambalo mwisho wazi haumlazimu kuliuliza: ni nani aliyeamua?

Fasihi ilitangulia

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatalishangaa jambo hili. Fanani wa ngano hubadilisha tamati kwa kuzingatia umri wa hadhira yake, wakati na mahali. Fisi anayeuawa mbele ya watu wazima huenda akatoroka na aibu yake tu mbele ya watoto wanaokaribia kulala. Katika ngano za mtanziko, fanani hufika mahali akanyamaza na kuiachia hadhira mzigo wa kuamua ni nani kati ya wahusika anayestahili mke, mali au sifa. Hakuna anayesema kwamba ngano imeharibiwa. Umbo la ngano huruhusu hayo kwa sababu kila utambaji ni tukio jipya, na fanani na hadhira wako mahali pamoja, wakitazamana.

Maandishi yalipoingia, mabadiliko ya tamati yaligeuka kuwa ugomvi. Mnamo 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear ya Shakespeare, akamwokoa Cordelia na kumwoza kwa Edgar. Toleo hilo la faraja ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban karne moja na nusu. Hata Charles Dickens aliibadilisha tamati ya riwaya yake Great Expectations kabla haijachapishwa mwaka 1861, kwa ushauri wa rafiki yake Edward Bulwer-Lytton aliyeiona ya kwanza kuwa na huzuni mno.

Mfano unaostahili kutafakariwa zaidi ni ule wa Henrik Ibsen. Katika tamthilia yake A Doll's House ya mwaka 1879, Nora anamwacha mumewe na watoto wake na kuufunga mlango nyuma yake. Tamthilia ilipokaribia kuigizwa Ujerumani mwaka 1880, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kumwigiza mama anayewatelekeza wanawe. Haki za mwandishi wa nje hazikulindwa wakati huo, kwa hivyo yeyote angeweza kuikatakata kazi yake. Ibsen akaamua kuiandika tamati ya pili kwa mkono wake mwenyewe: Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, anawaona, anaishiwa na nguvu na kubaki. Ibsen aliishutumu hadharani tamati hiyo aliyoiandika mwenyewe, akaiita ukatili dhidi ya tamthilia. Hapa pana mambo yote yanayojitokeza baadaye katika filamu: mwigizaji mwenye sauti, maadili ya jamii, sheria ya umiliki, na mtunzi anayeamua kuumiza kazi yake kabla wengine hawajaiumiza zaidi.

Filamu iliurithi ugomvi huu ikauongezea fedha. Riwaya huandikwa na mtu mmoja mezani, ilhali filamu huhitaji mamia ya watu na mtaji mkubwa, na mwenye mtaji hutaka kuurejesha. Tena, filamu haipigwi picha kwa mfuatano wa kisa. Hupigwa kwa kufuata mahali na ratiba ya waigizaji, kiasi kwamba tukio la mwisho linaweza kuigizwa katika juma la kwanza. Hivyo basi tamati ni kipande kinachoweza kung'olewa na kingine kikapachikwa, mradi waigizaji wapo na fedha zipo.

Kuna filamu moja ya kale iliyolikiri jambo hili waziwazi. Katika Der letzte Mann ya F. W. Murnau, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1924, bawabu mzee wa hoteli anavuliwa sare yake ya fahari na kuteremshwa cheo hadi kuwa mhudumu wa choo. Kisa kinafika mwisho wake wa kawaida, giza na upweke. Kisha kunajitokeza maandishi kwenye skrini yakieleza kwamba katika maisha halisi mzee huyo asingekuwa na cha kutarajia isipokuwa kifo, lakini mwandishi amemwonea huruma. Papo hapo mzee anarithi mali ya tajiri wa Kimarekani. Katika filamu hiyo isiyo na sauti, hayo ndiyo maandishi ya pekee ya aina yake, na kejeli yake haikwepeki.

Hadhira iliyodai damu

Kampuni za filamu za Marekani zina desturi ya muda mrefu ya kuionyesha filamu kwa hadhira ya majaribio kabla ya kuizindua. Watu huketi, hutazama, kisha hujaza kadi za maoni. Kadi hizo zina uzito mkubwa kuliko unavyoweza kudhaniwa, na katika filamu ya Fatal Attraction ya mwaka 1987 uzito huo ulidhihirika.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Dan, wakili mwenye mke na mtoto, anafanya mapenzi na Alex kwa siku mbili mkewe akiwa safarini. Dan anadhani mambo yamekwisha. Alex hadhani hivyo, na mapenzi yake yanageuka kuwa usumbufu, kisha vitisho. Katika tamati ya awali iliyoelekezwa na Adrian Lyne, Alex anajiua kwa kisu huku muziki wa opera ya Madama Butterfly ukisikika. Alama za vidole vya Dan zimo kwenye kisu hicho, na Dan anakamatwa kwa tuhuma za mauaji. Mkewe ndiye anayeupata ukanda wa sauti ambao Alex alirekodi vitisho vya kujiua, na huo ndio unaoweza kumwokoa.

Hadhira ya majaribio haikuridhika. Ilitaka Alex aadhibiwe, na aadhibiwe na familia aliyoivuruga. Miezi kadhaa baada ya kazi kukamilika, waigizaji waliitwa tena. Katika tamati mpya, Alex anaivamia nyumba ya Dan akiwa na kisu, Dan anapambana naye na kumzamisha katika bafu, anaibuka tena ghafla, na mke wa Dan anampiga risasi. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, alipinga mabadiliko hayo kwa muda kabla ya kukubali. Alikuwa amewauliza wataalamu wa magonjwa ya akili kuhusu mhusika wake, na kwa maoni yake mwanamke yule alikuwa hatari kwa nafsi yake zaidi ya alivyokuwa hatari kwa wengine. Filamu ilipozinduliwa ilipata zaidi ya dola milioni 300 duniani na kuteuliwa kuwania tuzo sita za Oscar. Kwa hesabu ya fedha, kadi zilisema kweli.

Kwa hesabu ya msuko, mambo ni tofauti. Anayeitazama filamu iliyozinduliwa ataona kwamba mapema Alex na Dan wanazungumza kuhusu Madama Butterfly, opera ya mwanamke aliyeachwa na anayejiua. Ataona pia Dan akimpokonya Alex kisu katika purukushani na kukiweka mezani, kamera ikikaa hapo kwa muda unaozidi haja. Mbegu zote mbili zilipandwa kwa ajili ya tamati iliyoondolewa. Katika filamu iliyotufikia, opera ile ni pambo na kisu kile ni kisu tu. Huu ndio mshono uliotajwa awali. Tamati ilibadilishwa, lakini njia ya kuifikia haikubadilishwa.

Lipo pia suala la kijinsia, na hapa inabidi kusema wazi. Wahakiki wa mrengo wa utetezi wa wanawake waliikosoa mno filamu hii kwa kumfanya mwanamke asiyeolewa na mwenye kazi yake kuwa zimwi linalostahili kuuawa na mke mwema wa nyumbani. Ukosoaji huo una haki. Hata hivyo, mlengwa wake hasa anapaswa kufahamika: sehemu kubwa ya dhuluma hiyo imo katika dakika kumi za mwisho, na dakika hizo zilizaliwa na kiu ya watu waliojaza kadi. Kumnasibishia mwandishi wa mswada, James Dearden, itikadi ya tamati asiyoianza yeye ni kosa la kihakiki, sawa na kumlaumu Shakespeare kwa ndoa ya Cordelia.

Mkono wa mdhibiti

Pale ambapo mtayarishaji anauliza hadhira itapenda nini, mdhibiti huuliza hadhira iruhusiwe kuona nini. Huko Marekani, kuanzia 1934 hadi miaka ya 1960, filamu zilipimwa kwa kanuni za maadili zilizosisitiza kwamba mhalifu asitoke salama. Riwaya ya The Bad Seed, na tamthilia iliyotokana nayo, ilimalizika kwa mtoto muuaji, Rhoda, akiwa hai na asiyeshukiwa, huku mamaye akiwa amejiua. Filamu ya mwaka 1956 haikuthubutu. Mama ananusurika, na Rhoda anapigwa na radi. Aristotle aliwaonya watunzi kuhusu tamati zinazoteremshwa kutoka mbinguni kwa mashine, na radi hii ni mashine hasa.

Kisa cha Sholay ni kizito zaidi kwa sababu kiliguswa na siasa. Filamu ilizinduliwa tarehe 15 Agosti 1975, wiki chache tu baada ya serikali ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari mwezi Juni. Bodi ya udhibiti haikukubali kwamba aliyekuwa polisi achukue sheria mikononi mwake. Au tuseme miguuni, maadamu mikono hakuwa nayo. Ikabidi tamati ipigwe upya. Mshono hapa pia unaonekana. Kisa kizima kimejengwa juu ya mtu asiye na mikono ambaye miguu yake ndiyo silaha pekee iliyosalia, na yeye mwenyewe anadokeza mapema kwamba nyoka hupondwa kwa mguu. Polisi wanapofika, ahadi hiyo inakatizwa. Kwa miaka mingi kabla ya mwaka 2025 zilizunguka nakala chache zenye tamati asilia, na mashabiki walizisaka. Kinachopotea katika tamati ya serikali si damu, ni kile kilio. Thakur aliyelipiza kisasi na kulia ni mhusika mwenye utata kuliko Thakur aliyezuiliwa.

Udhibiti wa namna hii haujaisha. Filamu ya Hong Kong Infernal Affairs ya mwaka 2002 inamwacha jasusi wa wahalifu aliyepenyezwa polisi akiponyoka na siri yake. Kwa ajili ya soko la China bara ilitengenezwa tamati ambamo anakamatwa mara tu anapotoka kwenye lifti. Mnamo Januari 2022, jukwaa moja la video la China liliionyesha Fight Club, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1999, bila majengo kulipuka mwishoni. Badala yake kulikuwa na maandishi yakisema kwamba polisi waliugundua mpango wote na kuuzuia. Baada ya malalamiko, sehemu kubwa ya kilichokatwa ilirejeshwa mwezi Februari. Ajabu ni kwamba katika riwaya ya Chuck Palahniuk mabomu hayalipuki na msimulizi huishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na Palahniuk mwenyewe aliona kinaya cha wadhibiti kukikaribia kitabu chake kuliko mwelekezi.

Kenya nayo ina mfano wake, japo ni wa tamati ambayo haikutengenezwa. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Inasimulia mapenzi ya wasichana wawili, Kena na Ziki, jijini Nairobi. Bodi ya uainishaji wa filamu iliipiga marufuku Aprili mwaka huo. Kahiu alieleza kwamba alikuwa ametakiwa kuibadilisha tamati, kwa kuwa ilikuwa na matumaini mno na haikuonyesha majuto, naye akakataa. Mwezi Septemba, Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Bila kujali msimamo wa mtu kuhusu maudhui ya filamu hiyo, kuna jambo la kiufundi la kuzingatia. Katika filamu yote, wasichana hao wanatukanwa, wanapigwa na kutenganishwa. Hayo hayakuwa kiini cha ombi. Kilichotakiwa kibadilike ni dakika chache za mwisho zenye dalili ya wawili hao kukutana tena. Wadhibiti, pengine kuliko wahakiki wengi, wanafahamu kwamba tamati ndiyo inayoamua matukio yaliyotangulia yasomwe kama adhabu au kama dhuluma.

Tamati zinazorudi

Ujio wa kaseti za video, kisha wa DVD mwishoni mwa miaka ya 1990, uliipa tamati iliyotupwa thamani ya kibiashara. Mnunuzi aliyekwisha kuitazama filamu ukumbini alihitaji sababu ya kuinunua tena, na tamati ambayo hajaiona ni sababu nzuri. Baadhi ya zilizouzwa hivyo hazina maana yoyote na zingebaki zilikokuwa. Nyingine zimebadilisha hadhi ya filamu nzima.

Blade Runner ya Ridley Scott ni mojawapo. Baada ya maonyesho ya majaribio ya mwaka 1982 huko Denver na Dallas kuwaacha watazamaji wakiwa wamekanganyikiwa, iliongezwa sauti ya msimulizi na tamati ya furaha: Deckard na Rachael wakiendesha gari kati ya milima ya kijani. Milima yenyewe haikupigwa picha kwa ajili ya filamu hiyo. Ni mabaki ya picha za angani zilizokuwa zimechukuliwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick. Kwa muda wa takriban saa mbili mtazamaji amekuwa katika jiji la giza na mvua isiyokatika, mahali ambapo wanyama halisi wamekuwa adimu hata watu hununua wa bandia. Ghafla kuna jua, misitu na mbingu safi, na hakuna anayeuliza kwa nini watu hawakuhamia huko zamani. Toleo la 1992 na lile la 2007 liliyaondoa hayo. Filamu inaishia mlango wa lifti unapofunga, na hatima haijulikani.

Hata hivyo, mfano unaowafaa zaidi wanafunzi wa fasihi ni I Am Legend ya mwaka 2007, kwa sababu hapa tamati inagusa maana ya anwani. Katika riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1954, Robert Neville ni binadamu wa mwisho katika dunia ya watu waliogeuzwa na maradhi kuwa wanyonya damu. Mchana huwawinda na kuwaua. Mwishoni anatambua kwamba wameunda jamii mpya, na kwamba kwao yeye ndiye zimwi linalokuja wakiwa usingizini. Yeye ndiye atakayekuwa kisasili cha kutisha. Anwani inamhukumu.

Filamu iliyoonyeshwa kumbini iliigeuza. Neville, daktari wa jeshi katika jiji tupu la New York, anapata tiba, anamkabidhi mwanamke aitwaye Anna damu yenye tiba hiyo, kisha anajilipua pamoja na wavamizi. Hapa kisasili ni cha shujaa aliyejitolea mhanga. Anwani inamsifu. Lakini tamati iliyopigwa kwanza, ambayo hadhira ya majaribio haikuipokea vyema na ambayo ilitolewa kwenye DVD mwaka 2008, inakaribia Matheson. Kiongozi wa waathiriwa anachora umbo la kipepeo kwenye kioo. Neville anatambua kwamba ni mchoro ulio mwilini mwa mwathiriwa wa kike aliyemteka ili amfanyie majaribio, na kwamba kiongozi huyo amekuja kumchukua mwenzi wake. Anamrudisha, anaomba msamaha, na kuitazama picha baada ya picha ya wale waliokufa mikononi mwake.

Mtu akiwa na tamati hiyo akilini, na airudie filamu. Neville anapomteka mwathiriwa yule, dume mmoja anajitokeza kwenye mwanga wa jua unaomuunguza na kunguruma. Neville anarekodi kwamba hiyo ni dalili ya kupotea kwa tabia za kibinadamu. Kumbe ni kinyume chake. Baadaye anategwa kwa mtego unaofanana na wake mwenyewe, ushahidi kwamba walio gizani wanafikiri. Katika tamati ya ukumbini, ishara hizi zinabaki bila jibu, na daktari aliyekosea kusoma alichokiona anakufa bila filamu kumsahihisha. Mnamo 2023, mwandishi Akiva Goldsman alieleza kwamba mwendelezo uliokuwa ukipangwa ungefuata tamati ya DVD, ambamo Neville hafi. Tamati iliyokataliwa ikawa ndiyo itakayoendelezwa.

Hadhira na vitufe

Zipo tamati mbadala zilizotungwa kwa mzaha. Clue ya mwaka 1985, iliyotokana na mchezo wa kubahatisha muuaji, ilisambazwa ikiwa na tamati tatu tofauti katika kumbi tofauti, na mtazamaji hakujua mwenzake wa mtaa wa pili ameona muuaji gani. Kwenye video zote tatu ziliwekwa mfululizo, na mzaha huo ukapendeza zaidi.

Kinoautomat ya Radúz Činčera, iliyoonyeshwa na Chekoslovakia katika maonyesho ya dunia ya Montreal mwaka 1967, ilikwenda mbali zaidi. Kila kiti kilikuwa na vitufe viwili. Filamu ilisimamishwa kwenye njia panda, mwigizaji akapanda jukwaani kuuliza swali, na wingi wa kura ukaamua. Siri ni kwamba matawi yote yaliungana tena kabla ya swali lililofuata, na kisa kilianza na kuishia kwa jengo kuungua, hadhira ipige kura itakavyo. Mtu anayefahamu ngano za mtanziko ataona tofauti. Fanani anayewauliza wasikilizaji uamuzi wao hana tamati aliyoificha mfukoni, na mjadala wao ndio tamati yenyewe. Vitufe vya Montreal viliwapa watu sura ya uamuzi bila uamuzi.

Matini ipi ihakikiwe?

Yote haya yanamwachia mhakiki tatizo la kivitendo. Kusema kwamba toleo la mwelekezi ndilo la kweli ni rahisi, lakini mamilioni ya watu walihuzunika, walishangilia na kubishana kuhusu toleo lililoonyeshwa, na athari hiyo ni sehemu ya historia ya kazi. Sholay iliyopendwa kwa miaka 50 ni ile yenye polisi. Linalopaswa kuepukwa ni kuichambua tamati kana kwamba ilichipuka yenyewe kutoka katika kisa. Mhakiki anayeona ishara isiyojibiwa, hali ya anga inayobadilika ghafla, au mhusika anayetenda kinyume na alivyojengwa, na aulize kwanza kama pale hapakupita mkasi.

Uchunguzi huo unawezekana pale tu ambapo vipande vilihifadhiwa. The Magnificent Ambersons ya Orson Welles ilionyeshwa kwa majaribio huko Pomona, California, tarehe 17 Machi 1942, mbele ya watu waliotoka kutazama filamu nyepesi ya nyimbo. Walicheka pasipostahili, na kadi nyingi zikawa za kejeli. Welles alikuwa Brazil akipiga picha filamu nyingine. Kampuni ya RKO ilikata zaidi ya dakika 40, ikaiondoa tamati iliyomwonyesha Eugene akimtembelea Fanny katika nyumba duni ya wapangaji, na kuweka nyingine ambamo wawili hao wanatembea pamoja wakiwa na nyuso za faraja. Bernard Herrmann, aliyetunga muziki, alidai jina lake liondolewe. Vipande vilivyokatwa viliharibiwa ili kupata nafasi ghalani, na nakala iliyokuwa imetumwa kwa Welles huko Brazil haijapatikana. Kilichosalia cha tamati ya kwanza ni maelezo ya maandishi ya kila picha na picha chache za mnato. Anayeitafuta kwenye skrini atawakuta Eugene na Fanny katika ushoroba wa hospitali, wakitabasamu.